Karatasi Hufa Baada ya Miaka 5, Shaba Haifi

Ukishuka kutoka Tukuyu mjini kuelekea Kisiba, utafika kwenye ziwa dogo la mviringo lililotulia ndani ya kreta ya volkano. Ramani nyingi zinaliita Masoko, wengine wanaliita Kisiba. Hakuna mto unaoingia, hakuna mto unaotoka. Na ukikaa pale kidogo tu, lazima utasimuliwa ile hadithi: kwamba Wajerumani, waliokuwa na kikosi chao Masoko, walipoona mwaka 1916 Waingereza wanakuja kutoka Nyasaland, walitupa silaha na fedha zao humo ziwani, kisha wakaondoka. Muulize anayesimulia ana ushahidi gani. Atakwambia: "Babu alinisimulia."

Usicheke. Jibu hilo ni ushahidi, ila ni wa aina moja tu. Leo nataka tulijadili kwa kutumia kitu ambacho hakina dhahabu wala bunduki: kopo la dawa.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Rungwe nikisaidia kusafisha banda. Kwenye kona, nyuma ya bomba bovu la kupulizia, nikakuta kopo lenye kutu. Ndani kulikuwa na unga wa rangi ya bluu ulioganda. Lebo ilishaliwa na unyevu zamani. Nikampelekea bibi.

"Hiyo dawa ya kahawa, mjukuu wangu. Tulikuwa tunakopeshwa chamani, halafu wanakata kwenye malipo."

"Inaitwaje, bibi?"

"Dawa ya kahawa tu."

Hebu yatazame maneno ya bibi kama mwanasayansi. Ametaja matumizi: kahawa. Ametaja msambazaji: chama cha ushirika. Ametaja hata muamala: mkopo unaokatwa kwenye malipo, yaani bidhaa iliuzwa. Kwa Kiswahili cha kawaida, bibi amethibitisha kwamba kemikali hii iliwahi kutumika kibiashara. Lakini chukua maneno hayo hayo uyapeleke kwenye ofisi yoyote ya udhibiti wa mazingira duniani, utaulizwa: jina la kemikali? Mwaka? Kiasi? Hati iko wapi? Na hapo bibi yangu anageuka kuwa msimulia hadithi za Wajerumani.

Makala hii ni uhakiki wa swali hilo la "hati iko wapi?" Sisemi ni swali baya. Nasema limetungwa likimtazama muuzaji, halafu likaletwa kwa mkulima bila kurekebishwa.

Swali lilizaliwa wapi

Marekani ilipopitisha sheria yake ya kudhibiti kemikali mwaka 1976, ilikutana na tatizo la kweli. Maelfu ya kemikali tayari yalikuwa sokoni. Kuzipima zote kwanza ndipo ziuzwe kungesimamisha viwanda. Suluhisho likawa orodha. Kampuni iliyoonyesha kwamba kemikali yake ilikuwa ikitengenezwa au kuingizwa nchini kibiashara katika kipindi kilichowekwa, kuanzia 1975, iliiingiza kwenye orodha. Iliyokuwa ndani ya orodha ilihesabika "ya zamani" na ikaendelea kuuzwa. Isiyokuwemo ilihesabika "mpya" na ililazimika kupitia ukaguzi kabla ya kuuzwa. Kemikali zipatazo 62,000 ziliingia kwa mlango huo wa kwanza.

Ulaya nao walifanya jambo linalofanana. Orodha yao ilichukua kemikali zilizokuwa sokoni kati ya Januari 1971 na Septemba 1981, na ina majina zaidi ya 100,000.

Umeona mantiki yake? Kuthibitisha kwamba uliuza jana ndiyo tiketi ya kuuza leo. Hakuna aliyeulizwa "ni salama?" Aliulizwa "iliuzwa?" Kwa hiyo kila kampuni ilikuwa na sababu nzuri ya kutunza risiti, ankara na hati za meli. Karatasi ilikuwa na thamani kwa mwenye karatasi.

Tuwe wakweli, kuna haki ndani yake. Huwezi kumwambia mtu aliyefuata sheria ya jana kwamba leo ni mhalifu. Lakini matokeo yake yanashangaza. Mwaka 2016 Marekani ilirekebisha sheria ile na kuzitaka kampuni ziseme ni kemikali zipi zilitengenezwa au kuingizwa nchini ndani ya miaka 10 iliyoishia Juni 2016. Orodha iliyotolewa mwaka 2019 ilikuwa na kemikali 86,228, na kati ya hizo 40,655 tu ndizo zilizohesabika hai sokoni. Zaidi ya nusu zilikuwa majina tu. Orodha inayoundwa na karatasi za wauzaji inakwambia muuzaji alitaka kulinda nini. Haikwambii udongo umepokea nini.

Kwetu swali limegeuka juu chini

Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, yenye kanuni ambayo kila mwanafunzi wa mazingira anaijua: anayechafua ndiye anayelipa. Kanuni safi kabisa. Lakini ili alipe, sharti kwanza aonekane. Nani aliileta dawa, lini, kiasi gani, ilipuliziwa wapi?

Sasa anayehitaji ushahidi si muuzaji tena. Ni mkulima ambaye kisima chake kina shida, au kijiji kinachotaka kujua kama shamba la zamani linafaa kwa mboga. Ushahidi ule ule, wa kemikali iliyouzwa zamani, unatafutwa na mtu ambaye hajawahi kuushika mkononi. Muuzaji alikuwa na sababu ya kuutunza alipoutaka. Akishajua utatumika dhidi yake, sababu hiyo inayeyuka.

Na karatasi zenyewe zikoje? Tuzichukue tatu zinazoombwa mara kwa mara.

Ya kwanza ni usajili. Viuatilifu vimesajiliwa kwa miaka mingi chini ya taasisi ya utafiti ya Arusha, TPRI, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1979. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, kazi hiyo iko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Usajili unathibitisha ruhusa. Hauthibitishi kwamba kopo lilifika Kisiba. Na dawa ya magendo, au ile iliyopimwa kwenye chupa ya soda sokoni, haimo kabisa.

Ya pili ni forodha. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, dawa za wadudu, za ukungu, za magugu na za panya zote zimewekwa chini ya namba moja, 3808. Ndani yake kuna vigawanyo, lakini vingi vinataja kazi ya dawa, si kemikali iliyomo. Mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu ambayo wazee wanaijua vizuri, ukiingia kama kemikali una namba yake, 2833.25. Shaba ikiingia imefungashwa kama dawa ya ukungu, inakwenda 3808. Kwa karani wa forodha hizo ni bidhaa mbili. Kwa mnyoo wa ardhini ni shaba ile ile.

Ya tatu ni risiti na daftari la mauzo. Hapa ndipo pagumu zaidi. Sheria yetu ya kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu kwa miaka 5. Inatosha kwa kodi. Lakini DDT huhitaji takribani miaka 2 hadi 15 nusu yake tu itoweke kwenye udongo, kutegemea hali ya mahali. Shaba ndiyo kabisa: ni elementi, haiozi, haivunjiki, haigeuki kuwa kitu kingine. Watafiti waliopima mashamba ya kahawa ya umri tofauti nchini Kenya katika miaka ya 1980 walikuta shaba ya dawa za ukungu imejikusanya kwenye udongo. Kwa hiyo tuna sheria inayoruhusu ushahidi uchomwe wakati kitu chenyewe bado kiko shambani.

Ongeza na historia yetu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mamlaka ya zao ikachukua nafasi yake, ushirika ukarudishwa kwa sheria ya 1982, miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kila taasisi inapobadilika, makabati ya mafaili nayo hubadilisha mwenyewe. Chama alichokitaja bibi kimeshapita mikono mingapi? Na lile daftari la mikopo?

Migomba ya mbali, somo la karibu

Kama unadhani natia chumvi, twende Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa. Huko, kama Rungwe, mgomba ni uchumi, na adui wake ni yule yule tunayemjua: fukusi wa migomba. Kuanzia 1972 hadi 1993 mashamba yalitiwa dawa iitwayo klodekoni. Ufaransa bara iliipiga marufuku 1990, lakini visiwani ikaendelea kwa vibali maalumu. Leo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wana chembechembe zake kwenye damu.

Wananchi walifungua malalamiko ya jinai mwaka 2006. Kamati ya bunge ilipochunguza suala hilo mwaka 2019, kumbukumbu za vikao vya kamati iliyokuwa ikishauri kuhusu dawa zenye sumu, za kati ya 1972 na 1989, hazikuonekana. Januari 2023 majaji walikubali kwamba ni kashfa ya kiafya, lakini wakafunga kesi, ugumu wa kuthibitisha mambo ya zamani kiasi hicho ukiwa miongoni mwa sababu.

Hebu soma tena. Damu ina ushahidi. Udongo una ushahidi. Karatasi haina. Karatasi ikashinda.

Na hii ni Ufaransa, nchi yenye maktaba za nyaraka za karne na karne. Sasa fikiria chama cha msingi chenye kabati moja na paa linalovuja katika wilaya inayopata mvua nyingi kama yetu.

Tope lina kalenda

Turudi ziwani. Katika miaka ya 1990 watafiti, wengi wao Wafaransa, walitoboa tope la ziwa la Masoko wakitafuta historia ya hali ya hewa. Walipata kumbukumbu inayorudi nyuma zaidi ya miaka 40,000: vipindi vya ukame, vipindi vya mvua, tabaka za majivu ya volkano za Rungwe. Kisa ni kwamba ziwa halina mto wa kulivuruga. Kila mwaka vumbi, majani na udongo wa kingo hushuka na kulala juu ya vilivyotangulia.

Kumbukumbu ya namna hiyo inaweza kubeba kemikali pia. Tabaka za karne iliyopita hupimwa umri kwa kutumia risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi inayoshuka na mvua. Kila baada ya miaka 22 hivi nusu yake huwa imetoweka, kwa hiyo iliyobaki kwenye tabaka inakupa umri wake, mpaka miaka 100 au zaidi kidogo. Halafu unapima kemikali tabaka kwa tabaka.

Kila dawa ina chapa yake. DDT ya kiwandani haikuwa kitu kimoja safi, bali mchanganyiko. Takribani robo tatu ni umbo moja la molekuli, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni umbo la pili, lenye atomi zile zile zilizopangwa tofauti. Ikikaa kwenye udongo wenye hewa, polepole inageuka kuwa DDE. Ukikuta DDT nyingi na DDE kidogo, kuna uwezekano dawa ni ya karibuni. Ukikuta kinyume chake, ni ya zamani. Lindani nayo inajulikana: iliyosafishwa ni karibu umbo moja tupu, lakini bidhaa ghafi iliyouzwa kwa bei rahisi ni mchanganyiko wa maumbo kadhaa. Maabara inaweza kukwambia ni ipi iliyopita hapo, hata kama duka lilishafungwa na mwenye duka alishazikwa.

Karatasi inaweza kughushiwa. Inaweza kupotea siku inapohitajika. Tope halina ndugu wa kulipigia simu.

Lakini tope nalo si msahafu

Hapa nawageukia wenzangu wa maabara, maana tuna tabia ya kuamini mashine mpaka tunasahau kuuliza.

Kwanza, ziwa la Kisiba linapokea kutoka kuta za kreta yake na hewani. Si shahidi wa wilaya nzima. Atakayesimama mbele ya mdhibiti na sampuli ya ziwa hilo akidai anazungumzia mashamba yote ya Rungwe, atakuwa ametoa ushahidi wa uongo kwa kutumia namba za kweli.

Pili, tarehe ya tope ni tarehe ya kufika, si ya kupuliziwa. Watafiti waliochimba tope la bahari kando ya Martinique na Guadeloupe walichapisha mwaka 2021 jambo la ajabu: klodekoni iliongezeka tena kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya marufuku. Walihusisha ongezeko hilo na glaifosati, dawa ya magugu iliyoacha ardhi wazi, mvua ikabeba udongo wenye sumu ya zamani. Msomaji wa haraka angesema kuna mtu alikuwa anauza kwa siri. Kumbe lilikuwa deni la zamani likisafiri.

Tatu, kuwepo si kuuzwa. Mfano wetu ni Vikuge, Kibaha. Katika miaka ya 1980 ilifika huko shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimeshapitwa na muda, na banda vilimohifadhiwa likaja kuanguka. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004, baada ya eneo kusafishwa, bado walikuta udongo wa juu wenye DDT hadi asilimia 28. Yaani zaidi ya robo ya udongo ule ni dawa! DDT ilikuwamo pia kwenye maji waliyoyapima. Sasa uliza swali la mdhibiti: ilitumika kibiashara pale? Jibu ni hapana. Ililetwa kama zawadi, ikalala, ikavuja. Kwa swali la "iliuzwa?", Vikuge haina hatia. Kwa swali la "iko ardhini?", ni jibu la kutisha.

Vikuge inatuonyesha kasoro mbili kwa mpigo. Tope peke yake lingetudanganya kuhusu matumizi. Na swali la biashara peke yake lingetudanganya kuhusu madhara.

Basi tufanyeje

Hoja yangu ni moja: ushahidi wa kemikali ya zamani usitegemee karatasi ya mtu mmoja mwenye maslahi. Uwe kama kigoda cha miguu mitatu: hati, udongo na watu. Mguu mmoja ukikosekana, mingine ibebe, na mdhibiti aandike wazi upi umekosekana na kwa sababu gani.

Kwenye hati, muda wa kutunza kumbukumbu za mauzo ya viuatilifu ufuate maisha ya kemikali, si mwaka wa kodi. Nakala moja ibaki halmashauri, ili duka likifungwa ushahidi usifungwe nalo. Forodha wataje kiambato kwa jina, si kazi tu. Na muuzaji aliyetakiwa kutunza daftari akashindwa kulitoa, upungufu huo uhesabike upande wake. Aliyepewa funguo asitufanye sisi tujieleze kwa nini mlango umefungwa.

Kwenye udongo, tuanze kuhifadhi sampuli sasa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili pale SUA au UDSM anayetafuta mada, hii hapa: mashamba ya kahawa ya Rungwe ya umri tofauti, shaba kwa kina tofauti, na shamba la kulinganishia ambalo halijawahi kupuliziwa. Haihitaji mashine ya mabilioni.

Kwenye watu, tuwasikilize wazee kwa utaratibu. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni hadithi. Kumbukumbu za watu 20 wa vijiji tofauti, waliohojiwa kila mtu peke yake, wakataja rangi ile ile, msimu ule ule na makato yale yale, hiyo ni data. Ukiweka juu yake shaba iliyopimwa kwenye mashamba yao hao hao, ni ushahidi.

Atakayesema wakulima wetu hawawezi kutunza kumbukumbu, namwomba aende kwa wanaouza parachichi nje. Mnunuzi wa Ulaya anataka kujua mti umepuliziwa nini na lini, na wanaandika, kwa sababu bila daftari mzigo unarudishwa. Kwa hiyo uwezo upo. Kilichokosekana ni mtu wa kuliuliza swali lile lile kwa niaba ya anayekunywa maji ya Kisiba.

Kopo la bibi bado liko. Nimelifunga kwenye mifuko miwili, nikalipiga picha pande zote, nikaandika tarehe, mahali lilipokutwa na maneno ya bibi kama alivyoyasema. Nitalipeleka maabara. Kama una kopo la namna hiyo kwenye banda lenu, usilifungue, usilioshe, usiwape watoto. Lipige picha kabla lebo haijaisha, kisha kaa na mzee wa nyumbani umuulize. Bibi alipoona naandika alicheka: "Unaandika hata hayo?" Nikamwambia, bibi, hayo hasa.